Exetat: asilimia za diploma si kipimo cha akili ya mtoto

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotangazwa, mitaa ya Goma, Bukavu, Beni na Bunia hujaa shangwe. Waliofaulu wanamwagiwa poda nyeupe kichwani, pikipiki zinapiga honi, wazazi wanakumbatiana. Lakini nyumba ya pili kuna mtoto aliyejifungia chumbani, na nje majirani wanasema: huyo kichwa chake ni kigumu, masomo si yake.

Maneno hayo yanapaswa kukataliwa. Exetat haipimi akili ambayo mtoto anazaliwa nayo. Inapima yale aliyofundishwa, na inayapima kwa lugha ya Kifaransa. Anayechanganya mambo hayo mawili anamhukumu mtoto kwa kosa ambalo mara nyingi si lake.

Ushahidi uko ndani ya mtihani wenyewe. Katika siku nne za kikao cha kawaida, mtahiniwa anaulizwa utamaduni wa jumla, sayansi, lugha na masomo ya tawi alilochagua. Aliyesoma ualimu hapewi maswali sawa na aliyesoma biokemia, ushonaji ama umeme. Kama ingekuwa ni kupima akili ya kuzaliwa, maswali ya aina moja yangewatosha wote. Tena, miezi mingi kabla ya mtihani, wanafunzi wa darasa la mwisho wanarudilia maswali ya miaka iliyopita, na wazazi wenye uwezo wanamlipa mwalimu wa jioni. Hakuna anayelipa pesa ili mtoto wake afundishwe kitu alichozaliwa nacho.

Wengine walishajaribu kudai kinyume. Huko Marekani, mtihani wa kuingia chuo kikuu uitwao SAT ulianza mwaka 1926 chini ya mwanasaikolojia Carl Brigham. Jina lake lilisema wazi kwamba unapima kipawa. Miaka mitatu kabla, Brigham alikuwa ameandika kitabu akitumia matokeo ya majaribio waliyopewa askari wakati wa vita vya kwanza vya dunia, akidai kwamba watu wa mataifa fulani wana akili kuliko wengine. Lakini takwimu zake mwenyewe zilionyesha kwamba wahamiaji waliokaa Marekani miaka mingi walipata alama nzuri kuliko waliofika karibuni. Miaka haiongezi akili ya kuzaliwa. Inaongeza lugha na mazoea. Mwaka 1930 Brigham alikana hadharani yale aliyoandika. Na katika miaka ya 1990, wenye mtihani huo waliondoa neno kipawa katika jina lake.

Kwa watoto wa mashariki mwa Congo, somo hilo ni la leo. Mtoto wa Walikale ama Fizi anaongea Kiswahili ama lugha ya kwao nyumbani, anacheza kwa lugha hiyo, lakini swali la hesabu linamjia kwa Kifaransa. Akikosa kuelewa swali, karatasi haisemi kama alishindwa hesabu ama alishindwa lugha.

Na vita imeongeza mzigo. Katika Masisi na Rutshuru, kuna shule zilizofungwa na nyingine zilizogeuzwa makao ya wahamaji. Mwanzoni mwa mwaka 2025, M23 ilipoingia Goma na kisha Bukavu, masomo yalisimama kwa muda. Mtoto aliyekimbia mara mbili ama tatu, akaacha daftari njiani, anakutana na maswali yaleyale na mwenzake wa Kinshasa ama Lubumbashi ambaye hakusikia risasi hata siku moja. Mtihani ni mmoja kwa inchi yote. Mwaka wa masomo haukuwa mmoja.

Ni kweli, watoto hawafanani. Kwenye benchi moja, kwa mwalimu mmoja, kuna anayeshika somo upesi na anayekawia. Hakuna anayebisha. Lakini karatasi ya Exetat haiwezi kutenganisha wepesi huo na vitabu, chakula, taa ya usiku na mwalimu aliyelipwa mshahara wake. Vyote vinaingia katika asilimia moja.

Hiyo haimaanishi mtihani ufutwe. Inchi inahitaji kujua nani amejifunza nini, na daktari ama mhandisi wa kesho lazima awe amejifunza kweli. Kununua matokeo pia si dawa, maana diploma ya rushwa haipimi kitu chochote.

Kinachotakiwa ni kusoma matokeo jinsi yalivyo. Shule ambamo wengi wameanguka inahitaji walimu, vitabu na siku za masomo zilizopotea, na Wizara ndiyo ya kwanza kuulizwa. Vyuo vikuu vinavyochagua wanafunzi kwa asilimia vitazame pia mtoto ametoka wapi, na kumpa nafasi ya kujaribiwa baada ya miezi ya matayarisho. Na mzazi ambaye mtoto wake amekosa asilimia 50 amrudishe darasani bila matusi. Alichokosa mtoto huyo kinafundishwa, na kinachofundishwa kinaweza kujifunzwa mwaka unaofuata.