Lenzi Kubwa ya Kupigia Picha Ndege: Mahali Kwanza, Lenzi Baadaye



Wapo vijana wetu wa sekondari na vyuo ambao wamependa sana kupiga picha za ndege. Wanajua ndege gani inatua Entebbe saa ngapi, wanaijua Airbus na Boeing kabla hazijakaribia, na lenzi fupi iliyokuja na kamera haiwatoshi tena. Sasa wanawaomba wazazi wawanunulie lenzi kubwa, ile ndefu ya kuvuta vitu vya mbali. Wazazi nao wanauliza: tununue au tusinunue?

Jibu letu tunalitoa mapema. Lenzi isinunuliwe mpaka familia ijue itatumika wapi, na kwa ruhusa ya nani. Mahali pakishapatikana, inunuliwe kwa pesa iliyopo mkononi, si kwa deni. Hatusemi kijana akatazwe. Tunasema mambo yaende kwa mpangilio.

Kwanza, tusiidharau hamu hii. Uganda Airlines ya zamani ilikufa mwaka 2001, na shirika hilo likarudi angani Agosti 2019. Airbus A330-800 zake mbili ziliwasili Desemba 2020 na Februari 2021. Kijana aliyefuatilia hayo amejifunza kwamba herufi 5X ubavuni mwa ndege ni alama ya Uganda, 5Y ni Kenya, 9XR ni Rwanda na 9U ni Burundi. Amejifunza jiografia, hesabu na subira ya kungoja. Pale Soroti kipo chuo cha mambo ya anga kilichoanzishwa mwaka 1971. Nani ajuaye kama rubani au fundi wa kesho si huyu anayesimama juani leo?

Lakini je, lenzi kubwa ni ya lazima? Hapa tufanye hesabu. Kamera nyingi za wanafunzi zina sensa yenye upana wa milimita 24 hivi. Airbus A330-800 ina urefu wa karibu mita 59. Kwa lenzi ya milimita 200, ndege hiyo ikipita ubavu itaijaza picha ikiwa umbali wa mita 490 hivi kutoka kwako. Maana yake ni kwamba ukiwa karibu na njia ya kutulia ndege, lenzi ya kawaida ya milimita 70-300 inatosha na kubaki. Ukisimama hapo na lenzi ya milimita 600, utapata picha ya madirisha tu.

Na ile inayopita juu kabisa, kilomita 11 kutoka ardhini? Hata lenzi ya milimita 600 haitaifanya ijaze zaidi ya sehemu moja kati ya saba au nane ya upana wa picha. Ongeza joto la mchana linalotetemesha hewa juu ya lami, na picha itatoka kama imepigwa kupitia maji yanayochemka. Tetemeko hilo haliponywi na lenzi ya bei yoyote. Dawa yake ni kuamka. Aliyeswali Alfajiri akabaki macho ana saa mbili za hewa tulivu na mwanga mzuri baada ya jua kuchomoza, na hizo hazinunuliwi.

Tazama pia gharama. Nikon ya milimita 200-500 ilipotoka mwaka 2015 iliuzwa Marekani kwa takriban dola 1,400, na ina uzito wa kilo 2.3. Sigma ya milimita 150-600, hata ile nyepesi, inakaribia kilo 2. Hizo si lenzi za kuning'iniza shingoni siku nzima. Kisha kuna unyevu wetu wa kando ya ziwa: lenzi iliyofungiwa kabatini kwa miezi huota ukungu ndani ya vioo, na kuusafisha ni kazi ya fundi. Itunzwe katika chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu.

Familia inayolipa ada za watoto watatu isiingie mkopo wa riba kwa ajili ya kioo. Riba ni riba, hata kama muuzaji ameipa jina tamu. Na pesa ya ada ni amana ya watoto wote, si ya mmoja mwenye kipaji.

Sasa tuje kwenye jambo linalotusukuma kuandika. Uwanja wa Entebbe una upande wa abiria na upande wa jeshi. Kampala ilishambuliwa kwa mabomu Julai 2010, na watu zaidi ya 70 walipoteza maisha. Askari anayelinda uzio hana kipimo cha kuiona niya ya mtu. Anachokiona ni kijana amejibanza na chombo kirefu, anakielekeza ndani. Na tuseme ukweli bila kuuma maneno: akiwa ni kijana wetu wa kofia na kanzu, huenda maswali yakawa mengi zaidi. Hilo si haki, na tunalikataa. Lakini mzazi hamtumi mwanawe kwenda kuthibitisha dhulma kwa mwili wake.

Wala tusidhani mambo haya huwapata watu wa kwetu tu. Novemba 2001, Waingereza 12 na Waholanzi 2 walikamatwa Kalamata, Ugiriki, walipokwenda kuangalia ndege za kijeshi katika maonesho. Walishitakiwa kwa ujasusi, na Aprili 2002 wakatiwa hatiani, wanane kati yao wakapewa kifungo cha miaka 3. Waliokolewa na rufaa mwezi Novemba mwaka ule. Februari 2015, Waingereza watatu walikamatwa karibu na uwanja wa Fujairah huko Falme za Kiarabu, wakakaa ndani takriban miezi 2. Wenye jamaa Ghuba wawaonye watoto wanaokwenda kuwatembelea. Kule London, watu husimama Myrtle Avenue, kando ya uwanja wa Heathrow, wakapiga picha ndege zinazotua bila tatizo. Mapenzi ni yale yale, ila mahali na sheria ni tofauti.

Watauliza wengine: mbona watalii wanatembea na lenzi kubwa kila siku na hawaguswi? Ni kweli. Nenda kinamasi cha Mabamba, utawakuta wamo mitumbwini wakimpiga picha yule ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu. Lakini wapo na kiongozi wao, mahali panapojulikana kwa kazi hiyo. Lenzi ile ile, ikihamishwa kwenye uzio wa uwanja, inasomwa vingine. Hapo ndipo ilipo hoja yetu: mahali ndipo panapoipa lenzi maana.

Basi tunashauri hivi:

1. Kijana aandike barua kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, aeleze anataka kupiga picha gani, siku gani na mahali gani. Shule au chuo kimpe barua ya utambulisho. Akijibiwa hapana, basi ni hapana.

2. Aanzie mahali pa wazi, kama Aero Beach pale Entebbe, ambako ndege kuukuu zimewekwa ufukweni. Hata hapo, aulize kwanza.

3. Aazime au akodi lenzi kwa siku moja kabla ya kununua. Ajifunze kuzungusha mwili pamoja na ndege. Ndege za jeti zinataka shata ya 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi. Ndege za mapanga zinataka shata ya taratibu, 1/250 au chini, ili mapanga yaonekane yanazunguka.

4. Afanye mazoezi kwa kupiga picha ndege wa porini. Jicho na mkono vinafunzwa vile vile, na hakuna askari wa kuuliza.

5. Akikutana na askari asikimbie, asibishane, wala asifute picha kwa siri. Aonyeshe barua yake na azungumze kwa adabu.

6. Ndege za kijeshi na misafara ya viongozi, asielekeze kamera kabisa.

Kijana akiyafanya haya kwa mwaka mmoja na hamu yake bado ipo, hapo wazazi wakae naye, wahesabu akiba, na wamnunulie hata iliyotumika, baada ya kuimulika kwa tochi kuona kama ina ukungu. Lenzi iliyongojewa hivyo itatunzwa, na mwenyewe atarudi nyumbani salama jioni. Kwa mzazi, hilo la pili ndilo kubwa.

Wabillahi tawfiq.