Matundu ya Mkongo Yahesabiwe Upya

Mwalimu mkuu apeleka maombi ili shule yake iunganishwe na mkongo wa mawasiliano. Nguzo yenye kisanduku cha mkongo iko hatua chache tu kutoka lango la shule. Baada ya majuma kadhaa hujibiwa kwamba kisanduku hicho kimejaa, na kwamba hana budi kusubiri upanuzi. Lakini lau fundi angepanda ngazi akakifungua, huenda angekuta matundu mawili au matatu yasiyo na waya, au yenye waya unaoishia katika nyumba iliyohamwa na wapangaji siku nyingi. Kisanduku kimejaa katika daftari tu.

Kasoro hii haiko Tanzania peke yake. Hujitokeza popote mikongo inapopelekwa majumbani na maofisini. Lakini hapa nchini ina uzito wake. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009, mwaka uleule ambao mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Fedha nyingi za umma zimefukiwa ardhini kandokando ya barabara kuu ili mawasiliano yafike mikoani. Ni jambo la kusikitisha basi kwamba safari hiyo ndefu inaweza kukwama juu ya nguzo, kwa sababu ya tundu moja ambalo hakuna anayejua kwa hakika kama liko wazi.

Yafaa kueleza jinsi kazi hii inavyofanyika. Katika utaratibu unaotumika sana, ambao vipimo vyake viliidhinishwa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano mwaka 2003, uzi mmoja wa kioo hutoka katika mtambo wa kituoni hadi mtaani. Huko hukutana na kigawanyi, kifaa kidogo kinachougawa mwanga wake kwa wateja 32 au 64. Kadi moja ya mtambo yenye matundu 16, kila tundu likigawanywa mara 64, yaweza kuhudumia wateja 1,024. Kigawanyi hakitumii umeme. Hiyo ndiyo sifa yake, maana hakizimiki umeme unapokatika. Na hiyo ndiyo taabu yake vilevile, maana kitu kisicho na umeme hakiwezi kupeleka taarifa yoyote kituoni.

Mtambo wenyewe hujua mengi. Huitambua namba ya kila kifaa kilichofungwa kwa mteja, hupima nguvu ya mwanga unaorudi, na hukadiria hata umbali wa kifaa hicho. Isichokijua ni kama waya wa mteja umechomekwa katika tundu la tatu au la saba. Habari hiyo iko mikononi mwa fundi aliyepanda nguzo siku ile. Naye fundi, akiona mwanga wa tundu la tatu ni hafifu, huuhamishia waya kwenye la saba, mteja akafurahi, kazi ikaisha. Daftari likabaki na la tatu. Baada ya miaka michache ya marekebisho ya namna hiyo, fundi mwingine huondoa waya anaoudhani umekufa, kumbe ni wa zahanati.

Kwa hiyo kuifanya kompyuta ifuatilie matundu ni jambo jema na limechelewa. Lakini watendaji wasidhani kwamba kununua programu kunatosha. Kumbukumbu zenye makosa zikiingizwa katika kompyuta zitatoa majibu yaleyale ya uongo, ila kwa haraka zaidi na kwa sura ya kuaminika. Kwanza visanduku vifunguliwe kimoja kimoja, matundu yahesabiwe, kila tundu lipewe namba na lipigwe picha. Halafu uwekwe utaratibu kwamba kazi ya fundi haihesabiwi kuwa imekwisha, wala hailipwi, mpaka namba ya tundu alilolitumia imelinganishwa na kifaa kilichojitokeza mtamboni dakika ileile. Hapo ndipo daftari na nguzo vitakaposema neno moja.

Lipo pia suala la matundu yaliyolala. Kifaa kisipoonekana mtamboni kwa miezi mitatu, kompyuta yapaswa kulitaja tundu lake ili likakaguliwe. Ikaguliwe tu! Isiachiwe uamuzi wa kulinyang'anya. Shule hufungwa Desemba na vifaa vikazimwa; nyumba ya mtumishi aliye masomoni hukaa kimya mwaka mzima ingawa ada inalipwa. Vifaa vingi hupeleka ishara ya mwisho vinapokosa umeme, hivyo si vigumu kutofautisha aliyezima swichi na aliyekatikiwa waya, lakini aliyehama hutambulikana kwa kubishiwa hodi.

Na jambo la mwisho halihusu ufundi. Tundu wazi linalojulikana na mtu mmoja ofisini hugeuka kuwa mali ya mtu huyo. Hapo ndipo jibu la "kimejaa" hupata njia ya kubadilika jioni, kwa anayejuana na mwenye daftari. Mwombaji aonyeshwe namba ya kisanduku kilicho karibu naye, idadi ya matundu yaliyo wazi, na nafasi yake katika foleni. Tundu likiwekwa akiba kwa ajili ya mtu, liwekewe na tarehe ya mwisho, tuseme siku 14, kisha lirudi kwa anayefuata. Programu za kufanya hivyo zipo, na ngazi zipo. Hesabu ya visanduku ianze na vile vilivyo karibu na shule na zahanati ambazo maombi yake yamekwisha kukataliwa.