Makato ya Muuzaji Yasimwangukie Mnunuzi

Anayelipa kwa simu katika masoko ya Mbale, chini ya mlima Wanale, na hata Jinja, hapa Uganda, amezoea kuambiwa: "Tuma na ya kutolea." Hakuna anayehoji tena. Sisi tunahoji. Muuzaji anayepokea pesa kwa simu amepata usalama, kumbukumbu za mauzo na mteja asiye na noti mfukoni. Kisha anamtwika mteja huyohuyo gharama ya kwenda kuzitoa kwa wakala. Huko ni kukwepa wajibu.

Namba za biashara zipo, za MoMoPay ya MTN na za Airtel Money, na mteja anayezitumia hulipa bei ya bidhaa tu. Hata ushuru wa pesa za simu unaipendelea njia hiyo. Julai 2018 serikali ilitoza asilimia 1 ya miamala. Wananchi walipopiga kelele, mwaka uleule ukashushwa hadi asilimia 0.5, tena kwa kutoa pekee. Anayetoa shilingi 100,000 hukatwa 500 za serikali, mbali na ada ya kampuni. Mkulima wa kahawa wa Bugisu aliyelipwa kwa simu, akinunua sukari kwa namba ya biashara, hadaiwi hizo 500. Akitakiwa kutuma na ya kutolea, anazilipa yeye, ilhali anayetoa ni mwenye duka.

Tuseme lisilosemwa sokoni: wapo wanaong'ang'ania namba binafsi kwa kuogopa macho ya Mamlaka ya Mapato, URA. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kwa sababu ya stakabadhi za kielektroniki za EFRIS. Lakini mgogoro wa muuzaji na mtoza kodi haumhusu mwenye kununua nyanya za shilingi 2,000. Serikali nayo, iliyoamuru pesa za simu zizimwe siku ya uchaguzi, 18 Februari 2016, isishangae mwenye duka akiendelea kuficha noti chini ya magunia.

Wajibu mzito zaidi ni wa wasimamizi. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2020 iliipa Benki Kuu ya Uganda mamlaka ya kutoa leseni, na kampuni za simu zikalazimika kuiundia huduma hii kampuni zake. Mamlaka hayo yatumike kuamuru namba moja ya duka ipokee pesa za mtandao wowote. Ng'ambo ya mpaka wa Malaba, nchini Kenya, tangu Aprili 2022, mteja wa Airtel Money anaweza kulipa kwenye namba ya duka ya M-Pesa. Huku kwetu mwenye kibanda bado anabandika namba mbili ukutani, na asiye na zote mbili anarudi kulekule kwenye "tuma na ya kutolea." Benki Kuu itaje tarehe.