Mkondo Unaosifiwa Si Lazima Ndio Unaofundisha

Katika vyuo vikuu vikubwa vya Marekani, somo la kwanza la uhandisi hugawanywa katika mikondo mingi, kila mkondo na mhadhiri wake, saa zake na idadi yake ya viti. Kijana aliyemaliza sekondari juzijuzi anafungua ukurasa wa usajili na kukuta mistari inayofanana: namba ya mkondo, Jumatatu na Jumatano saa mbili asubuhi, viti vinne vimebaki, na mara nyingine hata jina la mhadhiri halipo, limeachwa litajwe baadaye. Kwa kuwa ukurasa huo haumwambii lolote la maana, anauliza kwingine. Anawauliza walioko mwaka wa pili, au anaingia RateMyProfessors, tovuti iliyoanzishwa mwaka 1999 ambako wanafunzi huwapima wahadhiri kwa ubora na kwa ugumu wa masomo yao. Mhadhiri anayesifiwa kwa kutoa A anajaza mkondo wake mapema, na waliochelewa wanagawana iliyobaki. Naona kipimo hicho kinampotosha kijana huyo katika jambo lenyewe analolitafuta, yaani kuwa mhandisi, na lawama ya kupotoshwa kwake inaviangukia zaidi vyuo kuliko yeye.

Ushahidi mzito kuliko wote unatoka Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani kilichoko Colorado. Pale mwanafunzi hachagui mkondo wa masomo ya lazima. Anapangiwa kwa bahati nasibu. Mitihani ni ileile kwa mikondo yote, na kila mtu lazima aendelee na masomo ya hisabati, sayansi na uhandisi yanayofuata, apende asipende. Kwa hiyo mtu hawezi kudai kwamba mhadhiri fulani alionekana bora kwa sababu tu alipata wanafunzi wenye akili. Wanauchumi Scott Carrell na James West walichambua rekodi za chuo hicho na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Katika kalkulasi ya kwanza, wahadhiri wasio na uzoefu mkubwa walikuwa, kwa wastani, ndio waliopandisha alama za wanafunzi katika somo lao wenyewe, na ndio waliopewa tathmini nzuri. Lakini wanafunzi waliofundishwa na wahadhiri wenye uzoefu zaidi ndio waliofanya vizuri katika masomo yaliyofuata. Tathmini za wanafunzi zilikwenda sambamba na alama za muhula ule, na zikapingana na matokeo ya baadaye. Hilo ni jambo zito kwa mhandisi kuliko kwa mwanafunzi wa fani nyingine nyingi, kwa sababu masomo yake yamejengwa moja juu ya jingine: asiyeielewa kalkulasi hataiweza mekanika, na mekanika isipokaa kichwani, hesabu za miundo zitamshinda.

Kwa nini mwanafunzi ashindwe kutambua anayemfundisha vizuri? Utafiti uliofanywa Harvard na Louis Deslauriers na wenzake, ukachapishwa mwaka 2019, unatoa jibu ambalo kila mwanafunzi mpya angepaswa kulisikia kabla ya kusajiliwa. Wanafunzi wa fizikia ya mwanzo waligawanywa mafungu mawili, wakasoma mada ileile kwa nakala zilezile. Fungu moja lilisikiliza mhadhara uliopangwa vizuri, unaotiririka bila kukwama. Fungu la pili lilipewa maswali kwanza: wanafunzi wakakaa vikundi vidogo, wakajaribu, wakakosea, wakabishana, ndipo mhadhiri akaonyesha njia. Kwenye mtihani, fungu la pili lilipata alama za juu zaidi. Walipoulizwa wamejifunza kiasi gani, wao ndio waliojiona wamejifunza kidogo. Uchovu wa kufikiri waliuchukulia kuwa dalili ya kufundishwa vibaya. Maoni ya namna hiyo ndiyo yanayoishia kwenye ushauri wa kaka na dada wa mwaka wa pili, wanaosema kwa nia njema kabisa kwamba mkondo fulani ukimbiwe kwa kuwa mhadhiri wake hafundishi, anawaacha wanafunzi wajifundishe.

Kuna pingamizi ambalo silidharau. Alama si pambo. Ufadhili mwingi una kiwango cha GPA, yaani wastani wa alama, ambacho mwanafunzi akishuka chini yake anaupoteza. Katika Chuo Kikuu cha Texas A&M, wanafunzi wa uhandisi huanza pamoja na baadaye ndipo wanagombea matawi ya fani hiyo; GPA ya juu ndiyo inayompa mtu nafasi ya kupata tawi alitakalo. Kwa mwanafunzi anayetoka nje ya Marekani kwa viza ya F-1 mambo ni magumu zaidi, maana kwa kawaida anatakiwa kubaki na krediti zisizopungua 12 kila muhula, kwa hiyo akielemewa katikati hawezi tu kuliacha somo apendavyo. Mtu aliye katika hali hiyo akichagua mkondo wa A nyingi, sina haki ya kumwita mvivu. Anafuata kanuni zilizowekwa na wengine. Hata hivyo kanuni hizo hazibadilishi kitu kimoja: A hiyo itampitisha kwenye lango la tawi, na ng'ambo ya lango kuna mekanika na hesabu za miundo, ambako hakuna atakayemuuliza aliipataje. Chuo kinachopima vijana kwa alama za mikondo isiyolingana ndicho kinachowasukuma kuukimbia ugumu, kisha kinashangaa wanapoanguka mwaka wa pili.

Kuna kigezo kingine ambacho wanafunzi hukitumia vibaya kwa sababu ya aibu, nacho ni uzoefu wa awali. Chukua kijana aliyesoma mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) Tanzania. Kalkulasi amekutana nayo tangu kidato cha tano, huenda kuliko wenzake wengi wa Kimarekani, lakini inawezekana hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu ya kompyuta. Somo la utangulizi wa uhandisi mara nyingi lina MATLAB au Python ndani yake, na darasani atakaa na vijana walioanza programu wakiwa na miaka 12. Chuo cha Harvey Mudd huko California kililishughulikia hili mwaka 2006 katika somo lake la kwanza la kompyuta, ambalo ni la lazima kwa wote. Wasiowahi kuandika programu walipewa mkondo wao, wenye uzoefu wakapewa wao, na mikondo ikaitwa kwa rangi, Dhahabu na Nyeusi, ili isionekane kuna wa juu na wa chini. Sehemu ya wanawake miongoni mwa waliochagua sayansi ya kompyuta ilipanda kutoka takriban asilimia 10 hadi karibu 40 ndani ya miaka michache. Mabadiliko mengine yalifanyika wakati huohuo, kwa hiyo mikondo peke yake haiwezi kupewa sifa zote. Lakini anayeingia mkondo wa wanaoanza asidhani amejishusha.

Kuhusu saa, jibu ni fupi. Takwimu za chuo kilekile cha Jeshi la Anga zilionyesha kwamba waliopangiwa kipindi cha kwanza kabla ya saa mbili asubuhi walifanya vibaya zaidi, tena katika masomo yote ya siku ile.

Vyuo vina rekodi za kila mwanafunzi: alisoma mkondo upi na alipata nini katika somo lililofuata. Viziweke kwenye ukurasa uleule wa usajili. Wahadhiri watalalamika kwamba darasa moja la watu 30 halitoshi kumhukumu mtu, na hapo watakuwa na haki. Basi zijumlishwe takwimu za miaka mitano, zirekebishwe kwa kuzingatia alama walizoingia nazo wanafunzi, na mhadhiri mpya asionyeshwe mpaka madarasa yake yafikie idadi inayotosha. Wengine watasema kijana wa miaka 18 hatazisoma. Kijana huyohuyo kwa sasa anasoma maoni ya watu asiowajua mpaka usiku wa manane, kwa sababu chuo kilichopokea ada yake hakijampa kitu kingine cha kusoma.