Utumbo wa Mtoto na Wageni wa Siku ya Kwanza

Katika nyumba nyingi za Moshi na vijiji vya mlimani, mzazi huandaliwa mtori, na ndivyo inavyopasa. Linalotia shaka ni kijiko cha maji au cha maziwa ya ng'ombe anachoonjeshwa mtoto, eti maziwa ya mama hayajatoka.

Ndugu msomaji, mtoto anapozaliwa, utumbo wake huvamiwa na bakteria wasiohesabika kwa muda mfupi. Kwa nini kinga yake haiwapigi vita? Zamani ilidhaniwa kuwa ni changa tu. Mwaka 2013 watafiti wa hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, walionyesha kwa panya wachanga kwamba zipo chembe changa za damu nyekundu zinazoituliza kinga hiyo. Zilipopunguzwa, utumbo ulipata uvimbe bakteria walipoingia. Chembe za namna hiyo zimo pia katika damu ya kitovu cha binadamu.

Lakini mlango uliolegezwa kwa wageni wema hupitisha na wezi. Ndipo inapohitajika dang'a, yale maziwa ya manjano ambayo wengine (ajabu!) huyakamua na kuyamwaga. Yana kingamwili zinazowazuia vijidudu wasigande utumboni, na sukari asizoweza mtoto kuzimeng'enya, ambazo ni chakula cha bakteria wema. Maji ya mfereji hayana hata kimoja.

Bibi akisisitiza, aelezwe kwa adabu: siku ya kwanza tumbo la mtoto hutosheka na kiasi cha kijiko cha chai kila anyonyapo.