Mgeni Njoo, Mwenyeji Aseme

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii twaijua tangu shule ya msingi, na aghalabu twaifasiri kwa kutaja faida aletayo mgeni: fedha, habari na furaha. Makala haya yanauliza jambo ambalo methali yenyewe imelinyamazia. Mgeni akishafika, ni nani amsimuliaye habari za nyumba, na kwa maneno ya nani?

Swali hili lilinijia Mombasa, mbali na madarasa yetu ya Ruiru na Thika. Tulikuwa katika ziara ya masomo, na siku hiyo meli ya kitalii ilikuwa imetia nanga Kilindini. Abiria wake walishuka asubuhi, wakapandishwa katika mabasi madogo, wakaagizwa warejee melini kabla ya magharibi. Ratiba yao ilikuwa ile ile izoeleweka: pembe za Barabara ya Moi, Ngome ya Yesu, Mji wa Kale, soko la viungo, kisha wachongaji wa vinyago wa Changamwe. Sisi tuliandamana nyuma ya kundi mojawapo, tukitega masikio.

Kiongozi wa kundi, mzee wa mji ule ule, alisema Kiingereza kisicho na doa. Alieleza kwamba ngome ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Kwamba Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698. Kwamba Waingereza waliifanya gereza. Na kwamba mwaka wa 2011 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa turathi za dunia. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, msomaji mpendwa, hebu zichunguze nomino za masimulizi hayo. Kila mtendaji ametoka ng'ambo. Mswahili hatendi neno. Yeye ni mtu anayepita kando ya ukuta unaopigwa picha.

Waama, mji huo ulikuwapo kabla ya jiwe la kwanza la ngome. Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka wa 1331, akakuta Waislamu wacha Mungu na misikiti iliyojengwa kwa miti. Wenyeji wenyewe wanayo masimulizi ya Mwana Mkisi na Shehe Mvita, na wanazo Thenashara Taifa, yaani yale mataifa kumi na mawili ambayo kwayo Mmvita hujitambulisha. Fauka ya hayo, huu ndio mji wa Muyaka bin Haji, mshairi aliyezitungia mashairi siasa za Mombasa wakati wa Wamazrui, na ambaye diwani yake twaisoma vyuoni. Abiria wa meli hakusikia hata jina moja kati ya hayo. Alichokibeba cha Kiswahili ni "jambo" na "hakuna matata".

Ningependa kuishia hapo na kumtupia lawama kiongozi yule. Lakini insafu hainiruhusu, kwa sababu ya yaliyotokea baadaye. Tulipofika penye kibao kilichoandikwa "Ndia Kuu", baadhi yetu tuliangua kicheko. Tulidhani mchoraji wa kibao ameboronga tahajia. Kwamba alikusudia "Njia". Wageni walipokuwa wakinunua viungo, mzee yule alitugeukia. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema kwa upole, "Hayo si makosa, wanangu. Hiyo ndiyo lugha yetu." Akatukumbusha kwamba Mmvita husema ndaa kwa njaa, ndoo kwa njoo, kutinda kwa kuchinja. Akatuonyesha baraza mbele ya nyumba, daka la mlango na zidaka za ukutani, na kila neno lilikuja na desturi yake: nani huketi pale, mgeni huishia wapi, mwenyeji huweka nini. Kwa robo saa alitufundisha mji ambao hakuwa ameuonyesha asubuhi nzima.

Basi aibu ilikuwa yetu. Sisi tuliosoma lahaja kwa ajili ya mtihani hatukuitambua lahaja ilipoandikwa juu ya ukuta. Twajua kukariri kwamba mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 ndio uliokipendelea Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji. Hatukuwa tumetafakari maana yake: Kimvita kiliachwa nje kikiwa katika mlango wa nyumba yake. Na sisi, kwa kicheko kile, tulikifungia mlango huo mara ya pili.

Kuna watakaopinga. Watasema kwamba abiria wa meli hajui Kiswahili, ana saa chache tu, na kiongozi anatafuta riziki. Hoja hizi zina uzito, nami sipendekezi kwamba mtalii wa Ujerumani ahutubiwe kwa Kimvita. Ninachodai ni kwamba hata masimulizi ya Kiingereza yaweza kuchimbwa katika kisima cha Kiswahili. Kuyafasiri maneno mawili ya Ndia Kuu hakuchukui dakika mbili, nako kwamwonyesha mgeni kuwa mji huu una sauti yake. Isitoshe, meli siyo mlango pekee wa wageni. Tangu reli mpya ilipozinduliwa mwaka wa 2017, wanafunzi na familia kutoka bara wanafika Mombasa kwa saa chache. Hao wanakijua Kiswahili. Kwa nini nao waongozwe kwa Kiingereza?

Tusicheke ya Mombasa, ilhali nyumbani kwetu hali ni iyo hiyo. Mgeni akifika Thika ataelekezwa kwenye maporomoko ya Chania na hoteli ya Blue Posts iliyoanzishwa mwaka wa 1908, kisha atatajiwa kitabu cha Elspeth Huxley, The Flame Trees of Thika, kilichotolewa mwaka wa 1959 na kuigizwa katika televisheni mwaka wa 1981. Thika hiyo ni ya mlowezi aliyeiona kwa macho ya utotoni. Iko wapi Thika ya vibarua wa mkonge na kahawa, waliotoka makabila mbalimbali na kuelewana kwa Kiswahili? Ni nani ameeleza kwa nini mtaa wa mji wa bara, penye Wakikuyu wengi, ukaitwa Majengo? Na Ruiru je? Jina lake limebebwa na aina ya kahawa, Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985 ili kustahimili maradhi ya matunda na kutu ya majani. Twapita kando ya mashamba hayo kila siku tukienda darasani, wala hatuwezi kumsimulia mgeni habari zake kwa aya tatu za Kiswahili sanifu.

Ni maoni yangu, kwa hivyo, kwamba chama chetu kianzie hapa. Kila mwaka, kundi la wanafunzi liandike mwongozo mfupi wa mahali pamoja katika Thika au Ruiru, baada ya kuwahoji wazee wake, na liambatishe faharasa ya maneno ya mahali hapo. Wahadhiri wetu waikubali kazi hiyo kama utafiti, si kama burudani ya mwisho wa juma. Tukiisha kujifunza kwetu, ndipo twende Mombasa, nako tusiende kama walimu. Tuwaombe viongozi wa Mji wa Kale watufundishe, tuyaandike wayasemayo, na tuwarudishie maandishi hayo yawafae katika kazi yao.

Mzee yule alikuwa na mji mzima kinywani, lakini hakuna aliyemwomba autoe. Wageni hawakujua kwamba upo. Sisi tulipaswa kujua, nasi tulicheka. Mwenyeji hawezi kupona kwa fedha za mgeni peke yake ikiwa habari za nyumba yake zitaendelea kusimuliwa kana kwamba hayumo ndani.