Barua kutoka Stuttgart kwa mafundi wa Chang'ombe

Ndugu zangu mafundi,

Huku baridi imeshaingia. Nimetoka zamu ya usiku, chai ya tangawizi iko mezani, na usingizi hauji kwa sababu ya simu ya juzi. Mdogo wetu mmoja ananiambia kiwandani kwao wamekuja wauzaji wa akili mnemba (wengine huiita akili unde, ugomvi huo tuwaachie wanaisimu). Wanaahidi kamera itakayokagua bidhaa, ipunguze taka na bili ya umeme. Meneja kafurahi. Kijana anaogopa kibarua chake. "Kaka, huko mnafanyaje?"

Nawasimulia niliyoyaona. Sisi tunatengeneza pete za chuma za beringi. Kamera ilipofungwa juu ya mkanda, wiki ya kwanza tuliusifu ukali wake. Wiki ya tatu pipa la vilivyokataliwa lilikuwa linajaa kabla ya saa nne. Mhandisi akashikilia kwamba mashine iko sawa. Mzee mmoja Mturuki, mkongwe wa mstari ule, akaokota pete moja, akaifuta kwa kitambaa, akaigeuza chini ya taa. Haikuwa na ufa wowote. Ilikuwa na utando wa mafuta tu! Mafuta ya kupozea yalikuwa yamebadilishwa, yaking'aa kwa namna nyingine, na hakuna aliyeionyesha kamera mng'ao ule. Chuma kizima kilikuwa kinapelekwa kuyeyushwa upya, umeme unateketea, na yote hayo kwa jina la kutunza mazingira.

Siku hizi picha zenye utata huletwa kwetu, tunaamua, na kamera inajifunza kwa uamuzi wetu. Kipo kitufe cha kuipinga, na anayekibonyeza haulizwi kwa nini kachelewesha kazi. Pipa limepungua.

Msidhani ni ukarimu wa tajiri. Kwa sheria ya Ujerumani, penye baraza la wafanyakazi mwajiri hafungi mtambo wa kufuatilia mwenendo au utendaji wao bila baraza hilo kukubali. Tangu 2021 baraza linaweza pia kumwita mtaalamu wa akili mnemba, gharama juu ya mwajiri. Na tangu Februari 2025 sheria ya Umoja wa Ulaya inakataza mashine kusoma hisia za mfanyakazi kazini, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Huko nyumbani chama cha wafanyakazi mara nyingi hukumbukwa mishahara ikichelewa, na mashine tunaikuta imeshafungwa. Hilo ndilo linaloniuma.

Mashine kumwachia mtu uamuzi hata si jambo geni. Mwaka 1924 Mjapani Sakichi Toyoda alitoa mashine ya kufuma iliyosimama yenyewe uzi ukikatika, ili kitambaa kibovu kisiendelee kufumwa. Kuunga uzi ikabaki kazi ya mtu. Baba mdogo, uliyekesha pale kiwanda cha nguo cha Urafiki, wewe unaijua aibu ya jora lenye mstari mtupu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kama mnataka pa kuanzia kuokoa umeme, anzeni na upepo. Kiwanda kisichotunza mipira na maungio yake kinaweza kupoteza asilimia 20 hadi 30 ya upepo wa kompresa njiani, na kila upepo unaovuja umelipiwa umeme. Vipo vihisi vinavyosikia mvujo ambao sikio halisikii, na programu ya kuonyesha uko ukuta gani. Lakini ungio lililofungwa kwa kipande cha tyubu mwaka juzi, likaachwa hivyo hivyo, anayelijua ni fundi aliyelifunga. Huyo akifukuzwa ili inunuliwe programu, kiwanda kimelipa mara mbili.

Basi, mkiletewa karatasi ya kusaini kwamba mmefundishwa mashine mpya, ulizeni kwanza: kitufe cha kuipinga kiko wapi, nani anazitunza picha za mikono yetu tukiwa kazini, na nani mwingine anazitazama? Mkijibiwa kwa maandishi, sainini.

Ni mimi ndugu yenu,
Stuttgart